Gari la Baba Mkubwa na Chetezo cha Udi

Nyinyi mliokulia Ngamiani miaka ile ya hamsini mtakumbuka jinsi tulivyokuwa tukijua saa kwa harufu. Alfajiri ilinuka vitumbua, adhuhuri ilinuka dagaa wa kukaanga, na Ijumaa asubuhi, pale nyumbani kwetu, ilinuka mafuta ya taa na mafuta ya nazi, maana ndiyo siku Baba Mkubwa Shekue aliyoliogesha gari lake.

Lilikuwa gari jeusi la fahari, boneti ndefu, viti vya ngozi nyekundu, nalo lilikuwa zee tayari lilipotufikia. Baba Mkubwa alikuwa dereva wa meneja wa shamba la mkonge. Meneja alipofunga virago kurudi kwao alimwachia, nadhani kwa sababu hakuna mwingine aliyelivumilia. Baba Mkubwa alilijengea banda la makuti uani, akaanza kupigana na chumvi. Hewa ya Tanga mnaijua, bati jipya halimalizi masika mawili. Kwa hiyo alilipangusa kwa maji ya kisima kabla jua halijatoka, akapitisha kitambaa chenye mafuta ya taa chini ya bodi kote, na ngozi ya viti akaipaka mafuta ya nazi kidogo sana kwa ncha ya kidole, kama mama anayempaka mtoto mchanga. Mvua zikianza alilipandisha juu ya mawe ili matairi yasikae kwenye unyevu, na betri akailaza chumbani kwake. Usiku alichomoa kifaa fulani ndani ya injini, kinachoenea kiganjani, akakifunga kwenye pindo la kikoi. Mwizi angelisukuma labda, lakini kuliwasha asingeweza.

Sisi watoto tulitoka chuoni kusoma Kurani, mbao zetu za kuandikia mkononi, tukajipanga banda lilipo. Kupanda kuliruhusiwa Idi tu, tena baada ya kuosha miguu hadi magotini. "Gari si mkeka," alikuwa akituambia.

Kinyozi wa jirani hakuacha kumchokoza. "Shekue, hilo ni gari au mke wa pili?"

"Mke wa pili angenituma sokoni," Baba Mkubwa alijibu, huku akiendelea kupangusa.

Lakini alikuwa na sababu. Mkewe alikufa akimwacha na binti mmoja, Da Zuhura, aliyelelewa na Shangazi Mwanahamisi, dada yake Baba Mkubwa. Tangu Da Zuhura akiwa mdogo baba yake alimwahidi kwamba siku ya kuolewa atatoka katika gari lile, yeye mwenyewe akiendesha. Basi akaposwa na kijana wa Tongoni, na wiki nzima kabla ya harusi Baba Mkubwa hakuonekana ila miguu yake, ikichungulia chini ya gari.

Siku yenyewe, baada ya adhuhuri, nyumba ilijaa wanawake. Pilau ilikuwa motoni, na nguo za bibi harusi zilikuwa zimetandazwa juu ya tenga, zikifukizwa udi. Shangazi Mwanahamisi alizitazama, akaona haifai bibi harusi anukie halafu akae katika kiti kinachonuka mafuta ya taa. Akakipeleka chetezo garini, kaa likiwa jekundu na udi juu yake. Akakiweka kwenye kiti cha nyuma, akapandisha vioo vyote ili moshi usitoke. Halafu akaitwa jikoni kuonja chumvi.

Kiti kile kilikuwa laini kama godoro. Chetezo kikalala ubavu.

Kwanza ilikuja harufu ya udi, tukafurahi. Kisha ikageuka, ikawa kama kwato za mbuzi zinazochomwa. Baba Mkubwa alitoka bafuni mbio, kikoi kiunoni na povu la sabuni sikioni, na ndoo yake ya kuogea ndiyo iliyouzima moto. Moshi ulipotoka tuliliona tundu, pana kama sahani, springi zikichomoza kama mbavu.

Hakugomba. Aliketi kwenye usukani, akafunga mlango. Alipoambiwa kwamba watu wa Tongoni wanangoja, alisema, "Mpelekeni kwa lori."

Shangazi alisimama dirishani akilia. "Kaka, nilitaka linukie tu."

"Lilikuwa linanukia, Mwanahamisi. Lilikuwa linanuka gari."

Jua likaanza kuinama. Wazee waliingia banda lile mmoja mmoja, wakatoka wakitikisa vichwa. Na hapo likatokea jambo ambalo kwetu halikuwahi kutokea. Bibi harusi, ambaye hata kikohozi chake hakipaswi kusikika siku hiyo, alitoka ndani peke yake, hina mikononi, buibui juu ya nguo za harusi. Akafungua mlango wa nyuma, akakaa juu ya lile tundu, penye maji. Wanawake wakapiga ukelele, "Nguo, Zuhura!"

"Twende, baba," alisema.

Baba Mkubwa hakugeuka. "Sogea upande wa pili, pakavu."

"Nikisogea, utakuwa unalitazama kwenye kioo njia nzima."

Baba Mkubwa akafungua mlango. Kisha akashuka, akaenda kuvaa kanzu yake, akarudi na hendeli ya kuzungushia injini. Injini ikawaka. Shangazi alikuwa amejibanza nyuma ya mlango wa jikoni. "Panda, Mwanahamisi," akamwambia, "ukae na mtoto wako. Chetezo kibaki."

Wakaenda Tongoni, sisi tukifuata kwa lori na ngoma, tukila vumbi lao. Tundu lilishonwa kiraka baadaye. Mtu akimuuliza gari limefanywa nini, Baba Mkubwa alijibu, "Zuhura aliolewa," akabadili mazungumzo.

Mimi sikutulia mahali. Nimekaa Mombasa, nimekaa Pemba, nimekaa miji ya bara isiyo na harufu yoyote ya kuikumbuka. Vijana nawaona na magari yao: injini ikitoa mlio wa ajabu, wao huongeza sauti ya redio. Siwalaumu, gari likifa watapata jingine.

Juzi nilirudi Tanga, nikaalikwa harusini. Gari lilikuwa jipya, jeupe, la kukodi, limefungwa maua. Kabla bibi harusi hajapanda, dereva alitandika nailoni kiti kizima ili hina isichafue. Yule binti akakaa, mimi nikapewa kiti cha mbele, na kila gari lilipokata kona nilimwona akiteleza, akijishikilia mlangoni, naye kanyamaza kama inavyompasa. Nikamhurumia. Tulipofika alishuka, dereva akaikunja nailoni yake. Kiti kilikuwa safi, kama vile hapakuwa na mtu.