Viazi Moto Kutoka Masasi

Miaka ishirini na sita Gerson amekata nyasi za kiwanja kidogo cha ndege cha Masasi, akifukuza na mbuzi wa watu humo, na ndege yenyewe alikuwa hajapanda. Marubani walishamwambia: kwenda Newala kwa anga ni kilomita sitini hivi, dakika kumi na nane basi. Yeye kwa gari alimaliza nusu siku, kulisubiri lijae, kupanda mlima, mpaka vumbi jekundu limfike magotini.

Huko juu Newala aliishi mama yake, Ethel, ambaye macho yalikuwa yameanza kumwacha. Maji kule ni ya shida, lakini mwanawe hakukosa kuwekewa kata moja ya kuoshea miguu. Ethel alimwosha mwenyewe, akipapasa vumbi kwa vidole, na hivyo ndivyo alivyoijua safari yake. Pasaka iliyopita, kisigino kikiwa mkononi, alisema, "Baba Stella, siku nikikuita hutanikuta. Kwa barabara hii mimi sitasubiri." Maneno hayo Gerson aliteremka nayo mpaka Masasi.

Basi asubuhi moja rubani Abdulazizi, aliyekuwa akipeleka dawa Newala, akamwambia, "Mzee, kiti kipo. Twende?" Gerson akakimbia nyumbani kuvaa soksi na viatu vya kanisani, maana ndege haipandwi na kandambili! Mkewe akamfungia viazi vitamu vilivyokuwa vinaepuliwa, kwa majani ya mgomba na kitenge juu.

Jamani, raha. Dunia ilinyamaza chini yake. Milima ya mawe ya Masasi ikabaki nyuma kama mafiga yasiyo na chungu, mikorosho ikapita polepole, wingu likaja dirishani likakaa naye kidogo. Ile barabara iliyomtesa maisha yake yote ilikuwa uzi tu. Hajamaliza kushangaa, magurudumu yakagusa Newala, na nyumba ya mama ilikuwa ng'ambo ya kiwanja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akamvua viatu na soksi, akapapasa. Vidole vikasimama. Akairudisha kata mtungini.

"Umelala kwa nani hapa Newala, mwanangu, usije kunisalimu?"

"Mama, nimekuja na ndege. Sasa hivi."

"Ndege nimeisikia. Hizo hazishushi watu wa kwetu." Akageuza uso.

Iliuma. Mzee mzima, Gerson alilengwalengwa na machozi. Akampakatisha mama kile kifurushi.

Ethel akafungua, mvuke ukampanda usoni. Akamega, akapuliza, akatafuna. "Huyu ni Mama Stella," akasema. "Nani mwingine anatia mchaichai kwenye viazi?" Kisha akaweka kiganja juu ya viazi, kama anayepima homa ya mtoto.

"Vimetoka jikoni kwako?"

"Leo hii, mama."

"Kumbe uko karibu hivi!" Machozi yakamtoka bila kuyafuta. "Miaka yote nakulilia kama mtu aliyevuka bahari."

Ndege ikanguruma, ikaelekea Mtwara. Gerson angerudi kwa gari na vumbi lake. Ethel akaichota tena ile kata, akaimimina yote juu ya miguu isiyo na uchafu.

"Nikikuita," akasema, "nitasubiri."