Siku Jua Lilipozima Redio ya Merti

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nusura nimwache mwanamume mwema kwa sababu ya jua. Cheka tu, hata mimi hucheka.

Nilikuwa msichana, nikihudumia redio ya mawimbi mafupi pale Merti. Simu za mkononi hazikuwepo. Mchumba wangu Halake alihudumia redio ya Sericho, na kila saa sita mchana, habari za mifugo zikishatangazwa, alinisalimia. Siku hiyo nikaita weee. Kimya, hata ule mvumo wa kawaida haupo. Nikadhani amepata msichana mwingine, wivu ukanipanda. Nikazima redio, nikaandika barua ya kuvunja uchumba, nikampa dereva wa lori.

Jioni Mzee Ekai, fundi wetu, akanikuta nimenuna, nikamweleza.

“Isiolo ulijaribu?”

“Shida yangu ni Halake, si Isiolo.”

“Mimi nilijaribu. Isiolo kimya, Nairobi kimya. Hiyo ni jua, msichana yangu. Saa nane redio zote zilirudi. Imebaki yako tu.”

Nikatamani ardhi inimeze. Mzee akachukua kamba ya kufungia mizigo ya ngamia, akaisokota kwa kijiti mpaka ikakatika. Akasema nguvu za sumaku hutoka ndani ya jua, zikapinda kama matao katika anga lake la nje, miguu yake ikibaki chini kwenye moto unaochemka. Moto huo huivuta na kuisokota siku hadi siku. Msokoto ukizidi, matao hukatika na kujiunga upya kwa namna nyingine, na nguvu iliyojaa humo hufyatuka mara moja. Miale yake hutufikia kwa dakika nane hivi, ikavuruga hewa ya juu inayoturudishia mawimbi ya redio. Basi upande wa dunia wenye mchana hauongei.

Kesho yake ikabidi niombe msamaha hewani, vituo vyote vikisikiliza.

“Salaam aleikum,” Halake akajibu, akicheka. “Jua ilinyamaza masaa mbili, wewe ukanyamaza siku mzima. Hiyo barua ikifika sitafungua. Nitawasha nayo moto ya chai.”

Akafanya hivyo, na watu wa Merti wakanitania mpaka harusini.

Nakuona siku hizi ukinuna kwa sababu mtu hajajibu ujumbe. Mwanangu, mtu akinyamaza, uliza kwanza kilichompata, na wewe usizime simu yako. Mungu akupe subira, na akupe mtu anayestahili kungojewa.