Birika Tatu Mlangoni kwa Jean

Mardhiya, Mpemba aliyekaa Barking, huku ughaibuni, miaka kumi na tisa, haogopi mkubwa wala mdogo, anaogopa barafu. Theluji ikianguka hutembea kwa kushika kuta, mguu mmoja leo, mwingine kesho, nasi majirani zake humcheka. Siku ile hatukucheka.

Barabara kuu lori la manispaa lilishaimwagia chumvi ya kuyeyusha barafu, kwa ajili ya mabasi. Mitaa yetu ya ndani, kila mtu na lake. Dada yake, Miska, akampigia simu kutoka Denmark kumpasha.

"Huku kila mwenye nyumba anasafisha mbele ya mlango wake, tena ni sheria. Nyinyi mnangoja jua? Na yule bibi jirani yako, si alivunjika nyonga?"

Neno lilimchoma. Jean ana miaka themanini na nne, anaishi peke yake, ukuta kwa ukuta na Mardhiya, na kila siku saa nne hutoka kununua maziwa, inyeshe mvua, liwake jua. Mardhiya hana koleo la kuzolea theluji, lakini birika analo. Akachemsha maji mara tatu, akayamwaga kwenye ngazi ya Jean hadi getini. Theluji ikayeyuka yote, akarudi ndani amefurahi.

Saa nne kasorobo akachungulia dirishani. Maji yalikuwa yameganda, yamekuwa kioo kutoka mlangoni hadi getini. Bora hata theluji, mguu ulikuwa na pa kushika. "Nimemuua," alisema peke yake. "Nimemuua mtu mzima kwa mikono yangu."

Akampigia Jean simu, haikupokewa. Akagonga ukuta, kimya. Akanyakua pakiti ya chumvi ya jikoni, akatoka na kandambili. Hatua ya pili akaanguka, chumvi yote ikammwagikia mwenyewe. Kusimama hakuweza. Akatambaa kwa magoti, akilia kwa hofu, mpaka mlangoni kwa Jean, akaketi juu ya barafu auzibe mlango kwa mwili wake.

Mlango ukafunguka. Jean akamwona yuko chini, kiganja kinatoka damu.

"Maskini, umeanguka! Usisogee, mwanangu, nakuja kukuinua."

"Bibi Jean, rudi ndani! Rudi!"

"Nyamaza, utajiumiza zaidi," Jean alisema, akainua mguu avuke kizingiti.

Mardhiya akaudaka, akaukumbatia kifuani. Majirani tuliosikia kilio tulipofika na mchanga wa kumwaga juu ya barafu, alikuwa hajauachia, na Jean, ameshika mlango, anampa pole. Mardhiya hakuthubutu kumwambia barafu ile kaileta nani.