Onja, Kisha Uniambie

Juzi nilinunua chupa ya achari ya embe pale Kerege, pembeni mwa barabara, kwa sababu muuzaji aliniapia kwamba ni ya asili, ya nyumbani, imepikwa na bibi. Nilipoifungua, kabla hata sijachovya kijiko, harufu ya uwatu ulioungua ikanipanda puani. Nikaudhika papo hapo. Bibi gani huyo? Bibi yangu mimi angeimwaga yote jalalani, chupa akaiosha, akaianika juani na kuanza upya. Na kabla ya kuifunga, angeniita mimi.

Kuitwa huko ndiko kulikoniharibia Ramadhani nzima.

Bibi, mama yake mama, alikuwa mpika achari aliyejulikana Bagamoyo mjini. Mama yake alijifunza kwa jirani Mhindi waliyepakana naye ua, akamrithisha yeye. Embe mbichi zilikatwa, zikatiwa chumvi na manjano, zikaanikwa kwenye ungo juu ya banda la kuku. Kisha zikaingia haradali, uwatu, kitunguu saumu, pilipili, siki, na sukari guru kidogo. Mtaani petu hakukuwa na harusi wala Idd bila chupa zake. Mwanawe, Mjomba Shomari, aliyeishi Dar, hakupendezwa na kazi hiyo. Kila akija alimwambia, "Mama, umri umekwenda. Funga hilo jiko, twende ukapumzike kwangu." Bibi alimjibu kwamba siku akishindwa kupika achari ataondoka mwenyewe, wala hatangoja kubebwa.

Mwaka huo Ramadhani iliangukia msimu wa embe, nami nilikuwa katika umri ule ambao mtoto halazimishwi kufunga lakini roho yake yote iko kwenye kufunga. Futari kwetu iliandaliwa kwenye mikeka miwili. Mkeka mkubwa ulikuwa wa waliofunga, na huko ndiko zilikokwenda tende, muhogo wa nazi na kaimati zingali za moto. Mkeka mdogo, huku karibu na mlango wa uani kuku wanakopita, ulikuwa wetu watoto. Binamu yangu Mwanaidi, aliyenizidi umri kidogo tu, alikuwa ameshahamia mkeka mkubwa, na alivyokaa pale ungedhani ameolewa. Nilitaka nami nikae pale, japo siku moja.

Basi kila siku nilikula daku, nikanuia. Na kila siku, jua likishakuwa kali, sauti ilitoka uani: "Tatu! Njoo uonje."

"Bibi, nimefunga."

"Wewe mtoto bado. Onja, uteme."

Ninyi mnaonisoma, hebu jaribuni kuonja achari ya embe mkateme! Mate hujaa mdomo mzima kabla kijiko hakijafika. Likishuka funda moja tu, Mwanaidi, aliyekuwa akivizia nyuma ya mlango, anapaza sauti, "Kobe! Kobe ameshakula!" Ndivyo tulivyowaita wanaokula mchana wa Ramadhani. Jioni nikarudi zangu kwenye mkeka wa kuku.

Na laiti kuonja kwenyewe kungetosha! Nikisema "tamu", Bibi ananikazia macho. "Tamu vipi? Inaanzia wapi, mbele ya ulimi au pembeni? Ukali unakuja kabla ya chumvi au baada?" Nasimama peku, mchanga unaniunguza, nimeshaharibiwa swaumu yangu, na bado nahojiwa kama mwizi wa kuku. Kilichonikera zaidi ni kwamba nikianza kueleza, yeye hufumba macho. Unamwita mtu, unamfungulisha, halafu unamsinzilia!

Nikamshitaki kwa Mama. Mama akasema, "Mvumilie bibi yako," akageuka kuchochea moto. Nikauliza kwa nini asiitwe mdogo wangu, ambaye alikuwa akila mchana kutwa bila aibu. Bibi akajibu kwamba kwa yule kila kitu ni kitamu, hata udongo.

Idd ilipokaribia, niligoma. Siku hiyo Bi Zuhura, jirani aliyekuwa akijiandaa kuoza binti yake, alikuwa aje kuchukua achari ya kupeleka kwa wakwe. Bibi akaniita, nikaenda, nikasimama mbele yake na kujiziba mdomo kwa mikono miwili. Nilitegemea kofi. Yeye akanitazama tu, akashusha kijiko, akaifunika achari. Bi Zuhura alipofika alasiri, Bibi akamwambia haijawa tayari, arudi kesho. Mama wa watu alinung'unika mpaka barabarani. Sikuwahi kumwona Bibi akimrudisha mtu mikono mitupu, lakini hilo halikunihusu. Nilikuwa nimefunga.

Magharibi nikakaa mkeka mkubwa, katikati ya Mama na Mjomba Shomari, aliyekuja kufuturu nasi. Mwadhini akaadhini. Bibi akala tende yake, nami nikauma yangu, na kabla sijaimeza kijiko kikatokea mbele ya uso wangu.

"Haya, umeshafungua. Onja, kisha uniambie."

Mkeka mzima ukacheka, Mwanaidi kupita wote. Nikalia kwa hasira. "Si na wewe umeshafungua, Bibi? Si una mdomo wako?"

Kicheko kikakatika. Mjomba Shomari akageuza shingo kumtazama Bibi, akafungua kinywa kuuliza jambo. Hapo hapo Mama, ambaye sijapata kumwona akimwaga hata maji, akamwaga bakuli zima la uji kwenye kanzu ya kaka yake. Ikawa vurugu ya matambara na kuomba radhi. Katikati ya vurugu hiyo nikaonja, machozi yakinitoka. "Chumvi imepungua," nikamwambia Bibi. "Ukali unaanzia pembeni. Sukari guru inachelewa." Akaongeza chumvi, na kesho yake Bi Zuhura akachukua chupa zake.

Juzi basi, na chupa ya Kerege mkononi, nikampigia Mama simu kulalamika. Uwatu umeungua, siki imezidi, sukari guru imetangulia badala ya kufuata. Mama akaniacha nimalize. Kisha akasema, "Hivyo hivyo ndivyo ulivyokuwa ukimweleza bibi yako. Hakuwa akisikia ladha, mwanangu. Tangu ile homa yake kubwa, kabla hujaanza shule. Chumvi, sukari, harufu, vyote vilikwenda."

Walijua wao wawili tu, yeye na Bibi. Mjomba angejua, jiko lingefungwa siku hiyo hiyo.

"Na mimi mbona hamkuniambia?"

"Ungenyamaza, wewe?"

Nisingenyamaza, kweli. Lakini nimekasirika mpaka leo. Kila Idd nawapikia achari ukoo mzima, na kila Idd wanatikisa vichwa: "Nzuri, ila si kama ya Bibi." Ya Bibi! Ladha hiyo wanayoililia ilipita kwenye ulimi wangu, nikiwa nimesimama juani, nikiitwa kobe. Na siwezi kuwaambia, kwa kuwa Mama ameniapisha. Ninyi nawaambia kwa sababu hamtakaa mkeka mmoja na Mjomba.

Ila kuna jambo moja ambalo hasira yangu hailiwezi. Idd ya mwaka ule, wenzangu wakiniita nje twende kwenye bembea, Bibi alinishika mkono mlangoni. Tulikuwa tumemegewa halua, mimi kipande changu, yeye chake.

"Ikoje?" akaniuliza.

"Si unayo mdomoni, Bibi?"

"Niambie."

Nikamwambia harakaharaka, mguu mmoja ndani, mwingine nje: hiliki inatangulia, samli inafuata, halafu mwishoni kuna zafarani kidogo, ukiharakisha huipati. Alikuwa amefumba macho, shavu limejaa, hatafuni. Alisubiri mpaka nikamaliza. Ndipo akatafuna, akameza.

"Alhamdulillahi," akasema. "Tamu kweli."