Honi Aliyekauka Sauti

Karakanani walimwita Honi, naye hakuchukia. Kwa miaka ishirini msimamizi huyu wa maseremala alikuwa akishindana kwa kelele na misumeno ya umeme. Akiona hatari hupaza neno moja tu, "Mikono!", na kila fundi huinua mikono kwanza, maswali baadaye. Ndiyo maana mafundi wake wote walikuwa na vidole kumi, jambo ambalo si kila seremala anaweza kujivunia.

Kisha sauti ikamkauka. Wiki ya kwanza alisema ni mafua. Ya pili, vumbi. Ya tatu hakusema kitu, maana kaka yake alianza hivyohivyo, na waliishia kumzika kwa saratani ya koo. Mficha maradhi kifo humuumbua. Methali aliijua fika, na bado alificha. Akawa ananong'ona kutwa akiamini anaitunza sauti. Maskini, alikuwa anaimaliza.

Siku ya Jumanne binti yake, fundi mpya pale pale karakanani, alikuwa akisukuma ubao kwenye msumeno huku akicheka na mwenzake. Vidole vikasogea. Honi akapanua mdomo kuita. Ukatoka upepo mtupu. Alikimbia, akaparamia benchi, akabamiza swichi kuu, lakini ncha ya kidole cha shahada ilikwisha kwenda.

Kesho yake wote wawili walikuwa hospitali, binti akisafishwa kidonda, baba akiwa mbele ya daktari wa koo. Daktari alimpitisha puani mrija mwembamba wenye kamera.

"Tazama kwenye skrini, mzee. Hizi mbili ndizo nyuzi zako za sauti. Pumzi ikipanda kutoka mapafuni, zinakutana na kutetemeka, ndipo sauti inatoka. Zako zimeota sugu, kama kiganja chako. Hazifungi vizuri, hewa inavuja."

"Ni saratani?" alinong'ona.

"Siyo. Ni kelele za miaka yote hiyo. Na huko kunong'ona kwa kujikamua kumezidisha. Wiki nzima usitoe neno, hata la kunong'ona. Halafu tutakufundisha kuongea upya. Lakini mzee, ungekuja mapema..."

Hofu ya kufa ilimtoka Honi, ikaingia nyingine iliyo mbaya zaidi: atamtazamaje mwanawe usoni?

Alimkuta kwenye benchi la nje, mkono wenye bandeji kaupakata.

"Baba, jana mbona hukuniita?" binti aliuliza taratibu. "Wenzangu wote huwa unawaita."

Honi alifungua mdomo, akakumbuka amekatazwa. Akachomoa penseli sikioni, akaandika nyuma ya kadi ya hospitali: *Nilikuita.*