Mlango wa Komeo la Nje

Nilianza kuitamani ile mashine kabla sijaiona. Nilikuwa na picha yake tu, ukurasa wa matangazo ya duka moja la Arusha, nikaubandika ukutani katika chumba nilichopanga Haydom. Ilikuwa ndogo kama sanduku la mwanafunzi, na juu ina mkono wa kubebea. Maelezo yalisema inakubali umeme wa nyumbani na ule mkubwa wa viwandani, unageuza swichi tu. Inachomelea kwa vijiti, inachomelea kwa waya, na ukibadilisha kichwa inakata bati. Hata jenereta ndogo ingeweza kuiendesha.

Tulikuwa tumeshatenganishwa na Arusha, tumekuwa mkoa wa Manyara, na maduka yalijaa vitu ambavyo nilipokuwa msichana kule Nambis hata mwalimu mkuu hakuwahi kuvishika. Nilikuwa nafanya kazi kwenye karakana ya mtu. Mashine yake ya kuchomelea ilikuwa dubwana lililofungwa nyaya kwa mkono, limekaa ndani ya mafuta, halibebwi na watu pungufu ya wanne, na bila umeme mkubwa haliwaki. Singeweza kulipeleka nyumbani. Na nyumbani ndiko nilikotakiwa kuwa, kwa sababu ya mama.

Mama alipata kiharusi. Nilimleta kwa basi kama wagonjwa wengine wanavyoletwa Haydom, akatibiwa hospitalini, nguvu za mguu zikarudi. Maneno hayakurudi. Akili nayo ikawa inakwenda na kurudi. Mara mbili alitoka, wakamkuta barabara ya Mbulu, amevua viatu na kuvishika mkononi. Tangu hapo, kila asubuhi nilimwachia uji na maji, nikafunga mlango kwa kufuli, kwa nje. Nilipokuwa nafunga nilikohoa, ili majirani wasisikie mlio wa kufuli.

Yule mteja alikuja asubuhi moja ya ukungu, mwezi wa sita, karakana nzima imelowa kama imenyeshewa. Alikuwa mtu mzima, mrefu, amejitanda shuka, mfugaji wa huko tambarare za Hanang. Nikamwamkia.

"Shikamoo."

"Marahaba. Nimeambiwa hapa kuna fundi mwanamke."

"Ni mimi."

Akatoa ndani ya shuka kamba ya katani yenye mafundo mawili. "Nataka mlango wa chuma. Urefu ni kutoka fundo hili mpaka hili. Upana utaupima mwenyewe nyumbani."

"Mlango wa nini?"

"Stoo ya mbegu."

"Makomeo mangapi?"

"Matatu. Yote nje. Na chini uache tundu la kupita sahani."

Sikumwuliza mbegu zinakula nini. Nilimwambia tu kwamba mashine yetu haiwezi kusafiri. Akasema mashine anayo. Mdogo wake alirudi nayo kutoka migodi ya Mererani akitaka kufungua karakana Basotu, lakini akaondoka tena kabla ya kuanza, na mpaka leo hajulikani alipo. Nikamwuliza ni mashine ya namna gani. Akachora kwa kidole kwenye unyevu wa meza: sanduku, mkono juu, swichi mbili.

"Ukimaliza mlango, ichukue," akasema. "Kwangu inakaa bure. Na watoto wanaiogopa."

"Wanaogopa nini?"

"Wanasema inanguruma."

"Mashine zote zinanguruma."

"Hii hatujaiwasha," akasema, na kuniangalia kana kwamba mimi ndiye nitakayemweleza sababu.

Siku mbili baadaye nilimfungia mama mapema kuliko kawaida, nikamwachia chakula cha mara mbili, nikapanda basi la Basotu. Vyuma vyangu vilifungwa juu ya basi. Tulipita mashamba makubwa ya ngano, ambayo wakati ule sehemu kubwa yalikuwa yamelala bila kulimwa. Mashine za kuvunia zilisimama ndani ya majani, matairi yamezama, vioo vimetolewa, na hapakuwa na mtu hata mmoja karibu nazo. Mwenyeji wangu alinipokea kituoni na punda wawili. Tukatembea kama saa moja na nusu.

Boma lake lilikuwa ukingoni kabisa mwa shamba mojawapo. Nyumba ya bati, zizi la miiba, na pembeni chumba kipya cha matofali kisicho na dirisha, kimeachiwa nafasi ya mlango. Mbwa mmoja alilala karibu na zizi. Aliniangalia, hakubweka. Mke wa mwenyeji alinisalimia kwa mbali, akanitengea chai kwenye kigoda na kurudi ndani. Watoto sikuwaona.

Mashine ilikuwa juu ya meza, imefunikwa kwa kanga. Nikaifunua. Ilikuwa ileile ya kwenye picha, hata karatasi ya nailoni ya kiwandani haijabanduliwa kwenye swichi. Nikaiunganisha na jenereta aliyoazima Basotu, nikavaa kofia ya kuchomelea, nikaanza na fremu.

Ilikuwa mashine nzuri mno. Kijiti hakikuganda hata mara moja. Lakini kila nilipoinua mkono kubadilisha kijiti, nilisikia mngurumo wake ukiendelea mahali pengine, nyuma ya kile chumba, sauti ileile, uzito uleule. Nikigusa chuma, unanyamaza. Nikiinua mkono, unaanza. Nikajiambia ni mwangwi wa jenereta unaorudi kwenye matofali. Nikaenda nikazima jenereta.

Pakawa kimya kwa muda wa kuvuta pumzi moja. Kisha mngurumo ukaanza tena nyuma ya chumba, wa chini chini, haubadiliki.

Nilizunguka ukuta nikiwa nimeshika nyundo yangu ya kubandua maganda ya kuchomelea. Alikuwa bibi mzee, ameketi chini, amevaa sketi ya ngozi ya kizamani na bangili za shaba, mdomo ameufumba, na sauti ile ilikuwa inatoka kwake. Mbele yake alikuwa amepanga mawe madogo kwa mstari. Kucha zake zilijaa udongo mweusi, udongo wa shambani, wala si ule mwekundu wa bomani.

"Shikamoo, bibi."

Akanyamaza. Akainuka bila kujishika popote, akanipita, akaenda mpaka kwenye fremu niliyokuwa nimeiegesha ukutani, akasimama ndani yake. Utosi wake uligusa chuma cha juu barabara. Nikaikumbuka ile kamba. Mafundo yale yalipimwa kwenye mwili wake.

Mwenyeji alikuwa amefika nyuma yangu. "Ni mama yangu," akasema.

"Ulisema stoo."

Akakaa juu ya jiwe, akaniambia taratibu. Kabla ya ngano, pale shambani palikuwa malisho yao na makaburi yao. Matrekta yalipokuja yalipalima pote. Baba yake alizikwa huko, na watoto wawili wa yule bibi. Kwa miaka mingi mama hakusema neno. Tangu mashamba yalale, ameanza kwenda. Anakwenda akiwa amelala usingizi, anachimba kwa mikono, anarudi na mawe. Anasema wanamwita. Sasa majirani wameanza kusema anafukua wafu, kwamba ni mchawi, na wawili wamekuja kumwambia yeye mwanaye amwondoe kabla hawajamwondoa wao.

"Kwa hiyo unamkinga," nikasema.

"Namkinga."

"Mlango wa kujikinga unakomewa kwa ndani, mzee."

Bibi alikuwa ameingia kile chumba na kukaa katikati, anatutazama. Mimi nilikuwa naiangalia mashine, na nilikuwa namfikiria mama yangu ndani ya giza la chumba chetu, na kufuli. Nilijua kabisa sina uso wa kumhukumu yule mtu. Nikavaa kofia.

Nilichomelea makomeo yote matatu, kwa nje. Bibi alisimama karibu akiutazama ule mwanga kwa macho makavu. Nilimwambia ageuke, utamuumiza. Hakugeuka. Nilipaka rangi, nikaufunga mlango ukutani, nikamaliza alasiri, nikafunga mashine kwa kanga, nikarudi Haydom na basi la mwisho nikiwa nimeipakata.

Kesho yake niliaga karakana. Nikaanza kazi uani kwangu, mlango wazi, mama amekaa juani kwenye kiti. Kufuli nililitupa chooni. Nilikuwa na furaha ambayo sijui niieleze vipi. Nilitengeneza vigoda, nikatengeneza dirisha la nyumba ya mwalimu. Siku ya nne nikainua mkono kubadilisha kijiti, na nyuma yangu nikasikia mngurumo. Mama, ambaye hakuwa ametoa sauti kwa mwaka na nusu, alikuwa amefumba mdomo na ananguruma, kwa sauti ileile.

Huenda alijifunza kutoka kwa mashine yenyewe. Daktari mmoja niliyemweleza alisema ni jambo jema, koo linajaribu. Nilikubali. Lakini usiku ule sikulala, na wiki iliyofuata nilimlipa mjukuu wa jirani, msichana mkubwa, akae na mama, nikachukua mashine na msumeno wa chuma, nikapanda tena basi la Basotu. Nilikuwa nimekusudia kuyakata yale makomeo na kuirudisha mashine.

Nilimkuta mke wa mwenyeji peke yake na bibi. Mlango ulikuwa wazi, bibi ameketi kando yake anakomba maziwa ya mgando kwenye kibuyu kwa kidole, amenenepa kidogo, kucha zake safi. Nikasalimia, nikasema nilichokuja kufanya. Yule mke akamtafsiria mkwe wake kwa lugha yao. Bibi akashika komeo la katikati kwa mkono wote, akasema maneno mengi.

"Anakukataza," mke akasema. "Yeye mwenyewe ndiye anayeniambia nikomee. Jua likizama tu, anaingia na kuniita."

"Hasemi anafungwa?"

Akauliza. Bibi akajibu akiniangalia mimi.

"Anasema wanakuja na kugonga. Lakini komeo liko upande wao, na wao hawajui komeo ni nini. Wanapapasa tu. Lingekuwa ndani, anasema, yeye angewafungulia."

Nikainama kuutazama mlango kwa nje. Rangi niliyopaka ilikuwa imechunwa kwa chini, kwenye kimo cha goti, mistari mingi, na ndani ya mistari kulikuwa na udongo mweusi umekauka.

"Ni mbwa huyo," nikasema.

"Mbwa aliondoka siku ile ulipokuja," akasema. "Hakurudi."

Bibi alikuwa ananionyesha kwa kidole mahali pale pa chini, karibu na lile tundu la sahani. Alitaka komeo la nne. Mke wa mwenyeji aliwasha jenereta, ambayo walikuwa hawajairudisha, nami nikakata kipande cha nondo, nikapiga magoti mahali palepale penye michubuko, nikachomelea. Nilifanya haraka. Sikupenda kuligeuzia kisogo lile shamba la ngano lililolala, ingawa lilikuwa jua la saa sita na upepo haukuwepo. Bibi alinisubiri nimalize, akalisukuma komeo likaingia, akalivuta likatoka, akatikisa kichwa kukubali. Nilipoiacha mashine mbele yao waliirudisha mikononi mwangu.

Mama aliishi miaka mitatu zaidi. Aliendelea kunguruma pale ninapofanya kazi, nami nikazoea, hata ikawa nikikosa kuusikia mngurumo nageuka kuangalia kama yuko salama. Alifariki mchana, kwenye kiti chake. Mashine ninayo mpaka leo, nimeibadilisha feni mara mbili.

Habari za boma lile nilizipata kwa kondakta wa basi la njia ile. Alisema mashamba yalianza kulimwa tena, na ile familia ikahama na ng'ombe wao kuelekea upande wa Singida. Bibi alikuwa ameshafariki, wamemzika miezi mingi kabla ya kuhama. Nyumba waliiacha, na bati zake zote juu. Walichobomoa ni ukuta wa kile chumba, wakautoa ule mlango pamoja na fremu yake, wakaufunga juu ya mkokoteni na kuondoka nao.

Nilimwuliza kondakta walikuwa wanaupeleka kwa nani, ikiwa bibi alishazikwa. Akasema naye aliwauliza hivyo hivyo, nao wakamwambia asogee, ng'ombe wapite.