Mlio Wangu na Mama wa Buhehe

Mama alinicheka kwanza. "Sikio likilia kuna mtu anakusema," akasema, "na wewe kwa hicho kiburi chako, watu hawakosi la kusema." Nikamuuliza ni mtu gani huyo asiyechoka, anayenisema kutwa nzima bila hata kumeza mate. Mlio wenyewe ulikuwa mwembamba, wa juu, ndani ya sikio la kushoto, upande ambao spika ilisimama kila nilipopiga kinanda. Sisi bendi za mazishi na harusi hapa Busia hatuna mambo ya kuweka spika mbali. Inakaa pale waya unapofika.

Nikaenda Tororo kwa daktari wa masikio. Akachungulia, akabonyezabonyeza mashine yake, kisha akaniambia taratibu kwamba mlio huo huenda usiondoke, nijifunze kuishi nao, na nijikinge na kelele. Mpiga kinanda ajikinge na kelele! Amwambie basi na muuza samaki ajikinge na shombo. Nilikuwa bado kijana, sikuwa na kazi nyingine wala sikuitaka. Nililia pale pale nje ya kliniki, watu wakinipita, sikujali.

Kilichonitisha zaidi ni ukimya. Nyumba ikitulia tu, mlio unajitokeza, umekaa, unaningoja. Nikaanza kwenda kushinda kwenye mashine ya kusaga mahindi, sina hata gunia, kwa sababu mngurumo wake uliufunika kidogo. Mwenye mashine akadhani namtaka binti yake. Nikamwacha adhani.

Halafu nikaenda kuutafuta ule mlio kwenye kinanda, na nikaupata: nota moja ya juu. Afadhali ningeuacha. Tangu siku hiyo kila wimbo uliopita kwenye nota ile niliuona kama una mtu mwingine ndani yake, anayepiga nami bila kualikwa. Niliogopa, nasema wazi. Sikuwaambia wenzangu wa bendi, maana kwetu mpiga kinanda ni sikio tu. Kwenye mazishi yeye hachagui sauti ya kuanzia. Mama mmoja anasimama, anaanzisha wimbo pale koo lake lilipo, na wewe vidole vinamtafuta mpaka vimpate kabla hajamaliza mstari wa kwanza. Ukimkosa, kesho wanaita mwingine.

Mimi nilimkosa mmoja kule Buhehe. Ilikuwa mchana, jua kali, jeneza chini ya tenti. Aliyeanzisha wimbo ni mama wa marehemu mwenyewe, anamzika mwanawe, kijana wa rika langu. Sauti yake ilikuwa chini, imechakaa kwa kulia. Vidole vyangu vikaenda moja kwa moja kwenye mlio wangu, juu sana kwake. Nikajua sipo alipo yeye. Nikajaribu tena, nikaangukia pale pale. Mpiga gitaa akanitolea macho. Mama akanyamaza katikati ya wimbo wa mwanawe, na watu wote wakanyamaza naye.

Nikaondoa mikono kwenye kinanda. Nilijua kazi yangu imekwisha. Yule mama akaja taratibu mpaka nilipokaa, leso kiunoni, na mimi nikainuka.

"Nisamehe, mama," nikasema. "Hii sikio yangu inalia yenyewe. Sikupati."

Wenzangu wote walisikia. Mama akajifuta macho mekundu kwa pindo la leso.

"Basi anza wewe, mwanangu," akasema. "Mimi nakufuata."

Kwetu hakuna anayefanya hivyo. Mwenye msiba ndiye anayefuatwa. Nikabonyeza nota ile ninayoichukia, kwa sababu ndiyo pekee niliyokuwa na hakika nayo. Akapanda, sauti ikapasuka, akapanda tena mpaka akaifikia, na kina mama wengine wakapanda naye. Sauti yake ilipotua pale, mlio ukatoweka kabisa. Mashine ya kusaga haikuwahi kuuondoa namna hiyo. Nikapiga beti zote, kisha nikarudia ubeti wa kwanza bila kuombwa, naye akanifuata.

Wimbo ukaisha. Wanaume wakainama kushika jeneza, na mlio ukarudi. Mungu anisamehe, nilitamani yule mama asimalize kumzika mwanawe.